Dola Mbili katika Nchi Moja: Watu Wenyewe Wasemaje?

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari ya jambo mlisikialo mara kwa mara katika habari za dunia, nalo ni shauri la kuigawanya nchi iliyo kati ya mto Yordani na Bahari ya Kati iwe dola mbili, moja ya Waisraeli na moja ya Wapalestina, zikae jirani kwa amani. Mabalozi hulisifu shauri hili. Mawaziri wa nchi nyingi hulitaja katika kila hotuba. Hata hivyo miaka huja, miaka huenda, na jambo lenyewe halitimizwi. Basi, si ajabu kwamba watu hutuuliza: Kama wakuu wote walitaka, mbona haliwi?

Sisi twaona kwamba swali hili halijibiwi vema na mtu atazamaye wakuu peke yao. Afadhali tuwaache kidogo mabalozi na meza zao, twende kwa watu wenyewe: muuza mboga wa Nablus, fundi wa Haifa, mama akaaye katika hema Gaza na watoto wake, mkulima wa Kiyahudi ambaye shamba lake limekabili mpaka. Hao ndio watakaokaa na mpaka huo mpya, kama utakuwako. Wao wasemaje? Wamekwisha kuulizwa mara nyingi, tena kwa utaratibu mzuri, na majibu yao yameandikwa. Majibu hayo si rahisi kusoma, kwa maana yamebadilika sana, na pengine mtu yule yule hujibu mambo mawili yanayoonekana kupingana.

Kwanza imetupasa kukumbuka shauri lilivyoanza. Baada ya Vita Kuu ya kwanza Waingereza walipewa kuitawala Palestina kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa. Wayahudi wengi wakahamia huko, hasa walipofukuzwa na kuonewa Ulaya, nao Waarabu wenyeji wakaogopa kwamba nchi yao itawatoka mikononi. Mwaka 1936 Waarabu waliinuka kupigana na serikali. Mwaka 1937 tume ya Waingereza chini ya Lord Peel ikatoa neno lake, kwamba mataifa haya mawili hayawezi kutawaliwa pamoja, na kwamba dawa ni kuigawanya nchi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa dola mbili kutajwa rasmi na serikali. Miaka kumi baadaye, tarehe 29 Novemba 1947, Umoja wa Mataifa uliyapokea mawazo hayo kwa kura 33, mataifa 13 yakikataa na 10 yakinyamaza. Yerusalemu uliwekwa kando, uwe chini ya mataifa yote. Wakati huo Wayahudi walikuwa kama theluthi moja ya watu wa nchi, lakini walipewa zaidi ya nusu ya ardhi, ijapokuwa sehemu kubwa ya fungu lao ilikuwa jangwa la kusini. Viongozi wa Kiyahudi wakakubali, na Waarabu wakakataa.

Lakini angalieni neno moja. Mwaka 1937 wala mwaka 1947 wenyeji hawakupigiwa kura. Tume zilikuja, zikawasikiliza wakubwa, zikaandika vitabu. Mkulima wa Galilaya hakuulizwa.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tusilicheke jambo hilo, kwani tulikaribia kuingizwa katika habari hii bila kuulizwa sisi pia. Mwaka 1903 Serikali ya Uingereza iliwaambia viongozi wa Wayahudi kwamba wangeweza kupewa ardhi katika Afrika ya Mashariki, na mahali penyewe palikuwa nyanda za juu za Uasin Gishu, ambazo leo zimo katika Kenya. Watu huliita shauri lile “shauri la Uganda”, kwa sababu mpaka wa Uganda ulikuwa umebadilishwa muda mfupi kabla yake, na jina la zamani likadumu. Wayahudi wenyewe walibishana sana katika mkutano wao wa Basel, na mwaka 1905 wakalikataa, kwa kuwa mioyo yao ilikuwa Yerusalemu. Hatukuona popote kwamba Wamasai au Wanandi walitakiwa maoni yao.

Turudi Palestina. Vita vilitokea mwaka 1948, Dola ya Israeli ikatangazwa, na Wapalestina kama 700,000 wakakimbia au wakafukuzwa makwao. Wajukuu wao hata leo hujiita wakimbizi, na wengine bado wana funguo za nyumba zile. Vita vilipotulia mwaka 1949, Ukingo wa Magharibi wa mto Yordani ulishikwa na Yordani, na Gaza ikashikwa na Misri. Mwezi wa Juni mwaka 1967, katika vita vya siku sita, Israeli ilizitwaa sehemu hizo zote mbili, pamoja na Yerusalemu ya Mashariki. Tangu hapo mtu atajapo dola mbili, kwa kawaida humaanisha Israeli katika mipaka iliyokuwako kabla ya vita vile, na Palestina katika Ukingo wa Magharibi na Gaza, mji wake mkuu ukiwa Yerusalemu ya Mashariki. Mwaka 1988 Chama cha Ukombozi wa Palestina chini ya Yasser Arafat kilitangaza dola yake huko Algiers, na katika tangazo lile kikaukubali mgawanyo kwa namna yake. Kwa Wapalestina haikuwa neno dogo. Maana yake ni kuacha madai ya zaidi ya robo tatu ya nchi waliyoihesabu kuwa yao yote.

Sasa, maoni ya watu wengi hupimwaje? Wako watu wasioamini kwamba watu 1,200 waweza kusema kwa niaba ya mamilioni. Lakini mpishi apikaye pilau ya arusi hali sufuria nzima ili ajue kama chumvi imetosha; huonja kijiko kimoja. Ila ni sharti awe amekoroga vizuri, maana akionja juu tu, atadanganyika. Kukoroga kwa wachunguzi ni kuchagua watu kwa bahati, bila kupendelea mji wala shamba, tajiri wala maskini. Huko Ramallah kuna kituo cha uchunguzi kiongozwacho na Dakta Khalil Shikaki, ambaye amekuwa akiwauliza Wapalestina tangu mwaka 1993. Watu wake huchagua mahali 120, na kila mahali huwauliza watu 10, uso kwa uso. Upande wa Israeli, walimu wa vyuo vikuu vya Yerusalemu na Tel Aviv wamefanya kazi kama hiyo, kwa Kiebrania na kwa Kiarabu. Na tangu mwaka 2000 pande hizi mbili zimekuwa zikishirikiana, zikiuliza maswali yale yale kwa watu wa pande zote mbili. Twakiri kwamba jambo hili hutupendeza. Katika miaka ambayo mawaziri hawakusemezana, wasomi hawa walikuwa wakiketi pamoja kubishana juu ya neno moja la swali.

Hebu tutazame hesabu zenyewe. Mwisho wa miaka ya 1980, katika kila Wayahudi 100 wa Israeli, kama robo tu walikuwa tayari kuona dola ya Kipalestina kando yao. Wengine waliliona kuwa wazo la hatari, na serikali zao zilisema hivyo hivyo. Lakini baada ya Mapatano ya Oslo, ambayo yalitiwa mkono Washington tarehe 13 Septemba 1993 mbele ya Yitzhak Rabin na Yasser Arafat, maoni yalianza kugeuka, na ilipofika miaka ya 2000 zaidi ya nusu ya Waisraeli walilikubali wazo lile. Wapalestina nao, walio wengi, walilikubali. Kumbukeni kwamba karatasi ya Oslo yenyewe haikuwa na neno la dola ya Palestina hata mahali pamoja. Watu walijisomea matumaini yao kati ya mistari. Mwezi wa Juni mwaka 2016 bado Waisraeli 59 katika kila 100, na Wapalestina 51 katika kila 100, walisema ndiyo. Mwaka 2018 Wapalestina na Wayahudi wa Israeli walikuwa sawasawa, 43 kwa 43. Mwisho wa mwaka 2022 walikuwa wameshuka wote wawili, 33 kwa 34. Ni kama watu wawili washukao ngazi moja huku wamepeana mgongo.

Hao tuliowataja mwaka 2018 na mwaka 2022 ni Wayahudi wa Israeli, wala si raia wote wa Israeli. Mtu mmoja katika kila watano wa Israeli ni Mwarabu, mwenye haki ya kura, na Waarabu hao daima wamelipenda shauri la dola mbili kuliko wengine wote. Wao hukaa na Wayahudi kazini, hospitalini na katika vyuo, na papo hapo wana jamaa zao upande wa pili. Yeyote asomaye hesabu hizi na aangalie kwanza kama Waarabu wa Israeli wamehesabiwa ndani yake au la, kwani hesabu hubadilika sana.

Sababu za kushuka huku ni nyingi, wala hazifanani pande zote mbili. Tukimwuliza Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi, atatuonyesha mlima. Juu ya mlima kuna nyumba nyeupe za paa jekundu, na barabara iendayo huko si yake. Mwaka wa Oslo walowezi wa Kiyahudi katika Ukingo wa Magharibi walikuwa zaidi kidogo ya 100,000, bila kuhesabu Yerusalemu ya Mashariki. Leo ni kama 500,000, na katika Yerusalemu ya Mashariki wako zaidi ya 200,000 wengine. Mapatano ya mwaka 1995 yaliikata nchi ile katika mafungu matatu, na fungu la tatu, ambalo ni kama sehemu 60 katika kila 100, likabaki mikononi mwa Israeli. Ilikuwa liwe jambo la muda mfupi, hata mapatano ya mwisho yafanywe, lakini muda ule umepita zamani sana na fungu liko vile vile. Kwa hiyo, wachunguzi wakiuliza, “Je, dola mbili bado zawezekana?”, zaidi ya nusu ya Wapalestina kwa kawaida hujibu, “Haziwezekani tena, kwa sababu ya walowezi.” Mtu wa namna hii hakuacha kutaka dola yake. Ameacha kuamini tu kwamba itakuja. Naye huandikwa katika hesabu kuwa miongoni mwa wasioitaka. Hapo ndipo twasema kwamba hesabu bila maelezo yaweza kumpoteza msomaji.

Tukimwuliza Mwisraeli, atatuonyesha kalenda. Atasema: Mwaka 2000 viongozi walikutana Camp David, wakashindwana, na mwaka ule ule fujo zikaanza, na watu wakaja kujilipua katika mabasi yetu na mikahawa yetu. Katika miaka ile kama mitano Waisraeli kama 1,000 na Wapalestina kama 3,000 waliuawa. Ataendelea: Mwaka 2005 tuliwatoa walowezi wetu wote Gaza, karibu watu 8,000, na baada ya miaka miwili Hamas, chama kisichoikubali Israeli, kikaishika Gaza kwa silaha, na makombora yakaanguka juu ya miji yetu. Mpalestina naye atamjibu kwamba Gaza ilifungwa pande zote, nchi kavu, bahari na anga, kwa hiyo watu wake hawakuonja uhuru hata siku moja. Wote wawili wasema mambo yaliyotukia kweli. Na lisisahauliwe hili pia, kwamba Rabin, aliyeanza njia ile, aliuawa Tel Aviv tarehe 4 Novemba 1995, na aliyemwua hakuwa Mwarabu, bali Myahudi mwenzake aliyechukia mapatano.

Hapa twaomba ruhusa kueleza jambo dogo la darasani, maana lilitufumbua macho sisi wenyewe. Katika chuo cha ualimu tufundishapo, tulitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi swali livyaavyo jibu. Tuliwauliza wanafunzi 40 wa mwaka wa kwanza, “Je, yafaa chuo chetu kiwe na bustani yake ya mboga?” Mikono 36 iliinuka. Ndipo tukawaeleza masharti: kwamba mtaamka nusu saa mapema, kwamba pembe moja ya uwanja wa mpira italimwa, na kwamba maji mtachota ninyi kabla ya wanafunzi wa mwaka wa pili. Ikainuka mikono 15. Kijana mmoja akanung'unika kwamba hakukataa bustani, ila hakuambiwa habari ya mpira. Mwisho tukasema, “Na kama wanafunzi wa mwaka wa pili wakikubali kuchota maji siku tatu katika kila juma?” Mikono kadha wa kadha ikarudi juu.

Wasomi wa Ramallah na Tel Aviv wamefanya hivyo hivyo, lakini kwa mambo mazito. Hawakuuliza tu, “Mwataka dola mbili?” Walitengeneza mapatano kamili, wakayasoma sharti kwa sharti. Dola ya Palestina haitakuwa na jeshi. Mpaka utafuata ule wa kabla ya mwaka 1967, na sehemu zitakazobaki Israeli zitalipwa kwa ardhi iliyo sawa nazo. Yerusalemu ya Magharibi itakuwa mji mkuu wa Israeli, na ya Mashariki mji mkuu wa Palestina. Katika mji wa kale, Ukuta wa Magharibi na mtaa wa Kiyahudi vitakuwa chini ya Israeli, na mitaa ya Waislamu na Wakristo pamoja na uwanja wa Msikiti wa Al-Aqsa chini ya Palestina. Wakimbizi 100,000 watarudi Israeli kuungana na jamaa zao, na wengine watalipwa fidia. Kisha pande zote mbili zitatangaza kwamba madai yamekwisha. Mwaka 2018, yaliposomwa masharti hayo yote pamoja, waliokubali walikuwa Wapalestina 37 na Wayahudi wa Israeli 39 katika kila 100, pungufu kidogo kuliko waliokubali wazo lenyewe. Kila sharti lilikuwa na mtu wake wa kuliumia. Kwa Mpalestina mwenye ufunguo wa babu yake, neno la wakimbizi 100,000 ni kama kumfungia mlango. Kwa Myahudi mcha Mungu, kuacha uwanja ule ulipokuwa Hekalu ni jambo lisilosemeka.

Lakini lile la maji ya mwaka wa pili nalo lilionekana. Wachunguzi waliwaambia waliokataa: “Na kama upande wa pili ukifanya jambo fulani, je?” Kwa Wapalestina walitaja kwa mfano kufunguliwa kwa wafungwa wao, kwa Waisraeli walitaja kukubaliwa na nchi zote za Kiarabu, kama ilivyoahidiwa na wafalme na marais wa Kiarabu walipokutana Beirut mwaka 2002. Wengi katika waliokataa waligeuza jibu lao, na kwa sharti moja zuri kundi la wakubalio liliweza kupita nusu. Kwa maoni yetu jambo hili ni kubwa kuliko hesabu yo yote ya ndiyo na siyo. Linaonyesha kwamba siyo ya watu wengi ilikuwa na pengo ndani yake, na kwamba wako waliojua neno la kupita hapo.

Tena kuna ugonjwa mwingine, nao ni kila upande kumdhania mwenzake vibaya. Watu wamekuwa wakiulizwa, “Waonaje, wengi wa upande wa pili walitaka shauri hili?” Kwa kawaida hujibu kwamba hawalitaki, hata katika miaka ambayo nusu ya wale wengine walikuwa wakisema wazi kwamba walitaka. Mtu asiyeamini kwamba jirani yake ataka amani, kwa nini aache ngao yake? Na kila mmoja akikataa kwa sababu hiyo, huwa amempa mwenzake ushahidi.

Basi ikaja tarehe 7 Oktoba 2023. Siku ile watu wa Hamas walitoka Gaza wakaingia Israeli, wakaua watu kama 1,200, wengi wao wakiwa raia majumbani mwao na vijana katika ngoma, wakachukua kama 250 mateka. Hata kwetu msiba ulifika, kwa kuwa miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wawili wa Tanzania waliokwenda kujifunza kilimo. Vita vilivyofuata viliifanya Gaza kuwa kifusi. Mpaka katikati ya mwaka 2025, kwa hesabu ya wizara ya afya ya Gaza, waliouawa walipita 60,000, na karibu watu wote wa Gaza walikuwa wamehama makwao, wengine mara nyingi. Vita vilisimamishwa kwa mapatano mwezi wa Oktoba mwaka 2025.

Mtu angedhani kwamba baada ya mambo hayo maoni ya pande zote mbili yangeanguka pamoja kama zamani. Haikuwa hivyo. Katika uchunguzi wa pamoja wa mwaka 2024, Wayahudi wa Israeli waliokubali dola mbili walishuka hata 21 katika kila 100, hesabu ndogo kuliko zote tangu uchunguzi huo wa pamoja uanze, nao Wapalestina walipanda mpaka 40. Waarabu wa Israeli walifika 72. Wayahudi, wakiwa wameshtuka na kuwa na hofu mpya, waliona kwamba dola ya Palestina ingekuwa Gaza ya pili, safari hii juu ya milima iliyo karibu na Tel Aviv. Wapalestina, waliokuwa wakisikia dunia nzima ikilitaja tena jina lao, wengine waliona mlango umefunguka kidogo. Wachunguzi wengine, wa Gallup wa Marekani, walipata mfano wa kushuka huko kwa muda mrefu: mwaka 2012 walikuwa Waisraeli 61 na Wapalestina 59 katika kila 100, mwaka 2023 walikuwa 25 na 24. Na wale wa Pew, walipowauliza Waisraeli mwanzoni mwa mwaka 2025 kama Israeli na dola ya Palestina zaweza kukaa pamoja kwa amani, walipata 21 tu katika kila 100 walioamini hivyo. Mwaka 2013 walikuwa 50.

Katika Wayahudi wa Israeli vijana hulipinga shauri hili kuliko wazee wao, na washika dini sana kuliko wasioshika. Sisi waalimu hesabu hiyo ya vijana yatusumbua. Kijana wa miaka ishirini, awe wa Hebron au wa Beersheba, hakuiona siku ile ya Washington mwaka 1993. Alichoona ni ukuta, vizuizi barabarani, ving'ora na mazishi. Kumwambia kwamba jirani yake aweza kuwa mtu mwema ni kumsimulia hadithi ya kale.

Wakati watu walipokuwa wakirudi nyuma, serikali za mbali zilikwenda mbele. Mwezi wa Julai mwaka 2024 Bunge la Israeli lilipiga kura 68 kwa 9 kukataa kuwekwa kwa dola ya Palestina. Mwezi wa Septemba mwaka 2025 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura 142 kwa 10 kuunga mkono dola mbili, na katika siku chache zilizofuata Uingereza, Kanada, Australia, Ureno na Ufaransa zikaitambua Palestina. Uingereza ilikuwa mwenye nchi ile wakati wa Lord Peel, na kutoka tume yake mpaka kutambua kwake ilipita miaka 88. Hatuwalaumu waliopiga kura hizo. Lakini mama yule wa hemani hakupata paa kwa kura ile, wala mkulima wa mpakani hakulala usingizi mzuri zaidi.

Je, kama si dola mbili, watu walitaka nini? Wachunguzi waliuliza hilo pia. Wako wapendao dola moja yenye haki sawa kwa wote, lakini ni wachache pande zote mbili, na kwa Wayahudi wamezidi kupungua. Wako wapendao dola moja ambayo upande wao utawale na wa pili utii. Katika mwaka 2024, miongoni mwa Wayahudi wa Israeli, shauri hili la mwisho lilipata watu wengi kuliko dola mbili. Hatutaficha kwamba jibu lile lilituhuzunisha. Lakini nalo halikupata nusu, wala hakuna shauri lo lote lililopata nusu. Dola mbili zimechakaa machoni pa watu, na nguo ya kuzibadili haijashonwa.

Wengine hukata tamaa wakisema kwamba maoni ya watu yakishuka hivyo hayapandi tena. Historia ya nchi ile ile yawapinga. Kabla ya Rais Anwar Sadat wa Misri kufika Yerusalemu mwezi wa Novemba mwaka 1977, Waisraeli wengi hawakuwa tayari kuirudisha Sinai yote. Alisimama katika Bunge lao, akasema nao. Mwezi wa Machi mwaka 1979 Bunge lile lile likaukubali mkataba wa amani kwa kura 95 kwa 18, na Sinai ikarudishwa yote. Maoni hayakumtangulia kiongozi. Yalimfuata, kwa sababu alileta kitu cha kuonekana kwa macho.

Na katika uchunguzi ule ule wa mwaka 2024, uliowapata Wayahudi 21 tu katika kila 100 wakikubali dola mbili, kulikuwa na swali jingine karibu na mwisho. Watu waliambiwa wachague kati ya mambo mawili: vita vya nchi zote za upande ule, au amani kati ya Israeli na majirani zake wa Kiarabu, dola ya Palestina ikiwa ndani ya amani hiyo. Wapalestina walio wengi walichagua amani. Waarabu wa Israeli karibu wote walichagua amani. Na miongoni mwa Wayahudi wa Israeli, katika mwaka ule wa hasira na majonzi, waliochagua amani walipita nusu.